Dola na Franka si Ndugu: Mawazo Yetu juu ya Aina Mpya katika Programu



Wengi kati yenu mlisikia habari ya sanduku la darasa letu, ao mlisikia nusu yake. Tunaandika leo sababu nusu yenye ilitembea katika uwanja haikuwa ya kweli, na ile yenye ilibaki katika chumba cha mashini njo yenye inafaa kusomwa.

Programu ya kuhesabu makuta ya darasa tuliiandika sisi wenyewe, kwa luga ya Python. Mwisho wa muhula programu ikasema ya kuwa katika sanduku lazima kuwe 324.960 FC. Tukafungua sanduku, tukahesabu mara tatu: 225.000 FC. Kasoro ya 99.960 FC. Mtunza-sanduku wetu akasimama mbele yetu, hana neno la kujibu. Mmoja wetu akasema: «Mashini haisemi uongo.» Hiyo neno ikatosha. Kwa majuma mawili hakuna mtu aliyekula naye kwa meza moja, na wadogo wa darasa la kwanza wakamtungia jina lenye hatutaliandika hapa.

Aliyetutoa katika giza ni dada mmoja wa darasa letu. Alikuwa akiandika hesabu kwenye tablo, akageuka, akauliza: «Juu ya nini 99.960, na si 100.000? Mwizi gani anaiba halafu anaacha franka makumi ine?» Hapo tukakumbuka mpira na karatasi, vyenye tulinunua kwa dola 40. Siku ile mbadilishaji wa feza alitaka 2.500 FC kwa dola moja. Mtunza-sanduku akatoa 100.000 FC, akapokea dola 40, akalipa, akaleta karatasi ya malipo. Hakukosa kitu. Lakini yule aliyekuwa kwa mashini, na ni mmoja wetu tunaoandika hapa, alipiga 40. Programu ikachukua 325.000, ikaondoa 40, ikatoa 324.960. Kwake makumi ine ni makumi ine.

Tulikwenda kumwomba msamaha, wote. Alitupokea vizuri, na chai akatupa. Ila sanduku alikataa kulikamata tena.

Sasa mabishano. Tangu siku ile chumba cha mashini kimegawanyika. Wamoja wanasema: kosa ni la Python, luga ya kubembeleza watoto, inayokubali kila kitu, tungeandika kwa Pascal, mashini ingekataa kuondoa dola katika franka. Wengine wanasema: luga haina kosa, mtu ndiye mwenye kosa. Sisi tulikuwa katika kundi la kwanza. Hatuko tena huko kabisa, wala hatukuhamia kwa kundi la pili, na tunataka kueleza ginsi ilivyotokea.

Kwanza, tusikilizane juu ya neno «aina». Kila luga ya programu inakuja na aina zake: namba nzima, namba yenye koma, herufi, kweli na si kweli. Hizo ni kama unga na chumvi za dukani. Lakini dola siyo namba. Dola iko na namba ndani yake, sawa vile mwanafunzi yuko na miaka ndani yake, lakini hakuna mtu anayeondoa mwanafunzi katika mwanafunzi. Kutunga aina mpya ni kuambia mashini: tangu sasa kuko kitu kinachoitwa Dola, kina hiki na hiki ndani, na haya ndiyo yanayoruhusiwa kufanywa naye. Luga za zamani hazikujua hilo. FORTRAN ilipotoka mwaka 1957 ilikuwa na namba za kutosha, lakini mtu wa FORTRAN alingoja mpaka Fortran 90 kabla ya kupata ruhusa ya kutunga aina yake mwenyewe. Pascal, ya Niklaus Wirth wa Uswisi, mwaka 1970, iliweka pahali pa aina mwanzoni mwa programu, kabla ya kazi yote. Ndiyo maana walimu wengi waliipenda: mwanafunzi alilazimika kusema kwanza anafanya kazi na vitu gani.

Pili, namna mbili za kuelewesha mashini. Mlishaona mgeni akisema mbele yetu Kifaransa, na mkalimani amesimama kando yake: sentensi moja, anageuza, sentensi ingine, anageuza. Mgeni akikosa katika sentensi ya kumi, tumeshasikia tisa. Huyo ni interpreta. Mtafsiri wa kitabu ni mtu mwingine. Anapewa maandiko yote, anayasoma tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na kama ukurasa wa 80 haupatani na ukurasa wa 3, anakurudishia kitabu bila kutafsiri hata neno. Huyo ni kompila. Python tunayotumia inafanya kazi kwa mkalimani, Pascal kwa mtafsiri.

Basi, siku ya posho moja, mashini ya umeme ya shule ikiwa na mazutu ya saa mbili, tukafanya jaribio. Tukaandika hesabu yetu tena katika Pascal, na juu kabisa tukaweka:

type Franka = LongInt;
     Dola = LongInt;

Tukaandika ya kuwa sanduku ni Franka na mpira ni Dola. Tukaondoa mpira katika sanduku. Wa kundi la kwanza (sisi!) tulikuwa tumekunja mikono, tunangoja mtafsiri akatae. Hakukataa. Alitafsiri bila kelele, programu ikatembea, na kwenye mashini ikatokea 324.960.

Tuliona haya. Sababu ni hii: kwa maandiko hayo Pascal haitungi aina mpya, inatoa jina la pili kwa aina ya zamani. Ni kama mtoto anayeitwa jina moja nyumbani na jina lingine shuleni. Mtoto ni mmoja tu. Luga ya C, ya Dennis Ritchie, mwaka 1972, inafanya vilevile na neno lake typedef. Watu wengi wanaandika hivyo na wanalala usingizi, wakizani wamejikinga. Tuliporudia na neno record, kila feza ikiwa na nyumba yake na namba ndani ya nyumba, pale mtafsiri alikataa mara moja, na hakutaka hata kuanza kazi. Ada ya mwaka 1983 inatoa njia fupi zaidi: unasema type Dola is new Integer, na Dola inakuwa namba kweli, lakini ya ukoo wake, haichangani na namba za ukoo mwingine. Ada inasema neno hilo waziwazi.

Kisha tukarudi kwa mkalimani, kwa haki, maana yeye hatukuwa tumempa nafasi. Katika Python tukaandika class Franka na class Dola, kila moja na kiasi chake ndani, tukaomba Franka iondolewe Dola. Alikataa! Alisema hajui kuondoa kitu hicho katika kitu hicho. Na ilitupasa kuandika mistari michache tu, na kujaribu palepale, bila kungoja lolote. Hapo ndugu wa kundi la pili walicheka sana.

Lakini furaha yao haikufika mangaribi. Aina ambayo haijui kuondoa kitu chochote haina kazi. Inafaa franka ijue kuondoa franka. Basi tukafundisha Franka kuondoa: chukua kiasi chako, ondoa kiasi cha mwenzako. Tukajaribu franka na franka: vizuri. Tukajaribu franka na dola: vizuri pia, 324.960! Namba ile ya aibu mara ya tatu. Mkalimani haulizi mgeni ametoka ukoo gani. Anauliza tu kama ana kitu kinachoitwa kiasi. Dola ana kiasi. Basi apite. Ikatupasa kuongeza mstari wa kuuliza waziwazi: wewe ni Franka kweli? Kama sivyo, kataa.

Na hapo ndipo tulipotea mchana wote. Mistari ile mipya tuliiandika palepale katika mazungumzo na mkalimani, juu ya ile ya zamani. Sanduku la franka tulikuwa tumelitengeneza kabla. Tukaleta franka mpya, tukaomba iondolewe franka ya zamani, mkalimani akajibu: hii siyo Franka. Tukamwomba atuonyeshe ni nini basi. Akaonyesha: Franka. Tukabishana na mashini sawa vile watu wanabishana na karani wa biro. Mwishoni tulielewa. Unapotunga aina tena kwa jina lilelile, Python haitengenezi ile ya zamani. Inaumba nyingine kando, na jina linahamia kwa mpya. Vitu vilivyozaliwa mbele vinabaki na baba yao wa zamani. Majina ni mamoja, baba ni wawili.

Si wakalimani wote wanaofanya hivyo. Common Lisp, kwa kanuni zake za mwaka 1994, inafuata vitu vya zamani na kuvihamisha katika umbo jipya la aina yao. Haskell inakwenda kwa njia ingine: mpaka mwaka 2012, katika mazungumzo ya GHCi ungeweza kuhesabu lolote, lakini kutunga aina mpya hapo, hapana, ulipaswa kuandika aina yako katika faili, kisha kuiingiza. Tulipojua hilo kwanza tulisema hao watu ni wakali bure. Leo tunazani walikuwa na sababu zao, sababu kuko kitu kinachosumbua ndani ya kutunga aina kwa mdomo, huku kazi ikiendelea. Sentensi ya mkalimani inapita na kusahauliwa. Aina haipiti, vitu vingine vinajengwa juu yake.

Na hapa kwetu kuko sababu yenye haimo katika vitabu vyao. Jioni ile mazutu yaliisha kabla hatujamaliza. Vyote tulivyotunga kwa mdomo vilikufa pamoja na taa. Vile vya Pascal, kwa sababu mtafsiri anadai faili, tulivikuta asubui ya siku iliyofuata vimelala salama. Wale wanaosema kompila ni ya kuchelewesha watu, wahesabu na mchana huo pia.

Ila tusiwapambe watafsiri kuliko haki yao. Mwaka 1996, tarehe 4 Juni, roketi Ariane 5 ya Ulaya ilipotea katika safari yake ya kwanza, karibu sekunde 37 tu baada ya kuwashwa. Programu yake iliandikwa kwa Ada, luga ileile tuliyosifu juu, ikapita kwa kompila bila lawama. Namba moja kubwa, ya biti 64, ilipaswa kuingizwa katika nafasi ya biti 16, na haikuenea. Mtafsiri alijua aina zote mbili. Lakini mwandishi mwenyewe aliomba mageuzo hayo, na ukubwa wa namba siku ya safari mtafsiri hakuweza kuuona katika maandiko. Kuko makosa yanayokaa katika kitabu, na makosa yanayokaa katika siku.

Na kosa letu sisi, la makumi ine bila jina, lilikuwa na kaka mkubwa. Mwaka 1999, tarehe 23 Septemba, Marekani ilipoteza chombo Mars Climate Orbiter kilipofika kwa sayari ya Mars. Programu moja ilitoa hesabu za nguvu kwa vipimo vya Kiingereza, ingine ikazipokea kama vipimo vya metriki. Namba zilisafiri uchi, hazikuvaa aina. Tunasema hivyo si kwa kujitetea. Wao walipoteza chombo. Sisi tulikaribia kupoteza mwenzetu.

Basi mawazo yetu ni gani? Ya kwanza, mabishano ya «mkalimani ao mtafsiri» yanapiga kando kidogo. Swali la kweli ni: aina inaangaliwa saa ngapi? Miaka ya 1970 kulikuwa UCSD Pascal, ya chuo kikuu cha California kilicho San Diego, ambayo ilitembezwa na interpreta ndani, na hata hivyo aina zake ziliangaliwa zote kabla ya kuanza. Na Python yetu, tangu toleo 3.6 la mwaka 2016, inakubali uandike kando ya kila jina ni la aina gani. Mkalimani mwenyewe haangalii kama maandiko hayo yanafuatwa. Lakini programu ingine, mypy, inayasoma yote kabla ya kazi, na inakataa kama mtafsiri. Kwa hiyo mtu anayesema «Python haiwezi» na mtu anayesema «mwenye kosa ni mtu tu», wote wawili hawajaenda kutazama.

Saa ya kuangalia ni neno kubwa kwa programu kama yetu. Mstari wa dola, katika programu ya sanduku, ulilala karibu muhula mzima. Ulifanya kazi siku moja tu, siku ya mpira. Hata tungekuwa na class nzuri na swali lake la ukoo, mkalimani angekataa siku ileile, mbele ya muuza-mpira, mkono wetu ukiwa kwa mashini na watu wanangoja. Ni afazali kuliko kunyamaza. Lakini anayesoma yote mbele angekataa tangu mwezi wa kwanza, sisi tukiwa peke yetu na kikombe cha chai. Mistari inayolala, yeye anaisoma pia.

Ya pili, hatutaki Pascal iwekwe kwanza kwa wadogo wetu, hata kama walimu wengine wanaipendelea. Tulijifunza zaidi katika saa moja na mkalimani, tukitunga Franka vibaya mara nne, kuliko tungejifunza tukinakili record kutoka kwa tablo. Aina mpya izaliwe kwa mkalimani. Ila isikae huko. Jioni, kabla taa haijazimwa, iandikwe katika faili. Na faili isomwe na mwenye kusoma yote, kompila ao mypy, kabla ya kugusa hesabu ya mtu mwingine. Kwa mchezo wa mpira ao hesabu za zoezi, kila mtu afanye apendavyo, hatuna neno. Kwa makuta, kwa pointi za mitihani, kwa orodha ya dawa za chumba cha wagonjwa, hapana.

Tunaomba pia kwa unyenyekevu, Bwana Prefe akikubali, nusu saa ya umeme iongezwe siku ya posho kwa kazi hiyo. Mazutu tutachanga. Kwa franka.

Programu mpya iko tayari. Mtunza-sanduku wa zamani aliisoma mstari kwa mstari, akaikamata kwa kosa moja tulilokuwa hatujaliona: tulitunga kazi ya kugeuza Dola kuwa Franka, tukaandika 2.500 ndani yake kama vile bei ile haitabadilika. Anasema mageuzo lazima yawe na tarehe, maana dola ya siku ya mpira siyo dola ya leo. Hapo tumebishana tena: tarehe ikae ndani ya Dola, ao bei iwe aina yake yenyewe, iliyo na tarehe ndani? Yeye anataka ya pili. Sisi bado tunafikiri. Mwenye wazo alilete kwa chumba cha mashini mbele ya siku ya posho, limeandikwa kwa karatasi.